Tumbo Linakusumbua Saa Ngapi? Kutafuta Chanzo Kabla ya Kununua Dawa

Mama mmoja wa Kibosho alifungua fundo la khanga juu ya meza yangu, dawa zikamwagika. Tukazihesabu pamoja. Aina tisa. Kulikuwa na nusu karatasi ya metronidazole, siprofloksasini za "typhoid" aliyoambiwa anayo mwezi wa nane, omeprazole, diklofenaki za mgongo, vidonge vya minyoo, na kifuko cha majani ya sanamaki alichouziwa stendi na mtu wa kipaza sauti. "Mwanangu, hili tumbo limenishinda," akasema. "Kila ninapokwenda wananiongezea nyingine."

Nikamuuliza, "Mama, linakuuma saa ngapi?"

Akanyamaza kidogo. "Usiku. Saa nane hivi linaniamsha. Nikinywa uji linatulia, nalala."

Maumivu ya saa nane usiku yanayotulizwa na uji, kwa mtu anayemeza diklofenaki kila siku kwa ajili ya mgongo, yanaelekeza kwenye kidonda, hasa kidonda cha mwanzo wa utumbo mwembamba. Diklofenaki zilikuwa zinamchimba, antibayotiki zilikuwa zinafagia bakteria wazuri wa utumboni, sanamaki ilikuwa inamharisha, naye akidhani vyote vitatu ni ugonjwa mmoja usiotaka kupona.

Mimi ni tabibu katika dispensari hapa Moshi, na wagonjwa wa namna hii nawaona kila wiki. Nimeandika mwongozo huu ili ukija kwangu au kwa mwenzangu yeyote, uje na saa mkononi badala ya fundo la dawa. Chukua daftari. Kwa siku saba andika ulichokula na saa uliyokula, dalili na saa iliyoanza, dawa yoyote uliyomeza (hata ya kichwa), na choo kilivyokuwa: vigololi, gogo laini, uji au maji. Siku saba zinatosha kuonyesha mengi.

Lakini wapo wasiotakiwa kusubiri hata siku moja

Nenda hospitali leo ukiona damu kwenye choo, choo cheusi kinachonata kama lami chenye harufu kali, matapishi yenye damu au yanayofanana na machicha ya kahawa, tumbo gumu kama ubao, au maumivu ya kifua yanayoambatana na jasho na kukosa pumzi. Hayo ya mwisho watu huyaita kiungulia kumbe ni moyo. Anayepungua uzito bila kukusudia, anayeamshwa usiku na kuharisha, anayekwama chakula akimeza, au mwenye umri uliopita miaka 50 ambaye tumbo limebadilika tabia ghafla, naye aende wiki hii. Kuhusu choo cheusi niongeze neno kwa wajawazito: vidonge vya kuongeza damu hufanya choo kiwe cheusi au kijani kibichi bila hatari yoyote. Waambie wahudumu kwamba unavitumia.

"Tumbo linanguruma saa moja baada ya chai"

Dalili zinazokuja kati ya nusu saa na saa mbili baada ya kifungua kinywa, yaani kunguruma, gesi na kuharisha choo chenye povu, nitaulizia maziwa kwanza. Maziwa yana sukari inayoitwa laktosi, na utumbo mwembamba unahitaji kimeng'enya cha laktesi kuivunja. Karibu watoto wote wanacho. Watu wazima wengi duniani kinawapungua, kisha sukari ile inateremka nzima hadi utumbo mpana, bakteria wanaichachua, na hapo ndipo gesi inapotoka.

Kwetu kaskazini jambo hili lina sura yake. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff walionyesha kwamba jamii za wafugaji wa Tanzania, Kenya na Sudan zina mabadiliko yao ya jeni yanayowawezesha kuendelea kumeng'enya maziwa ukubwani, tofauti na yale ya Wazungu. Kwa hiyo katika nyumba moja ya Arusha, mume aliyekulia bomani anaweza kumaliza kibuyu akaenda zake kazini, na mke akaumwa kwa kikombe kimoja. Hakuna aliyemroga mwenzake wala anayejidekeza.

Jaribu hivi: acha maziwa mabichi na yaliyochemshwa kwa wiki mbili, chai iwe ya rangi. Dalili zikiisha, rudisha glasi moja uone. Dalili zikirudi, umepata jibu lako bila kulipia kipimo. Si lazima uachane na maziwa kabisa, kwa sababu wengi wenye shida hii huvumilia kiasi kidogo wakinywa pamoja na chakula, na maziwa mgando huwa afadhali, maana bakteria wa kugandisha wameshakula sehemu ya laktosi. Kuna jambo watu hulisahau: aliyetoka kuugua kuharisha kwa muda mrefu anaweza kukataliwa na maziwa kwa wiki kadhaa, kisha hali ikarudi yenyewe.

"Jioni nimejaa kama ngoma"

Gesi inayopanda taratibu kutwa nzima na kufikia kilele jioni, huku asubuhi tumbo likiwa tambarare, kwa kawaida inatoka jikoni. Makande, kiburu cha ndizi na maharage, maharage ya jana. Maharage yana sukari ambazo mwili wa binadamu hauna uwezo wa kuzivunja, kwa hiyo kazi hiyo wanaachiwa bakteria, nao wakifanya kazi wanatoa gesi. Kuacha maharage kwa sababu hiyo ni hasara kubwa. Loweka usiku kucha, mwaga maji yale, suuza, chemsha kwa maji mapya, uyamwage hata hayo ya kwanza yakishachemka kama tumbo lako ni jepesi. Magadi yanalainisha maharage, sikatai, ila yanaongeza chumvi ya sodiamu mwilini, na mwenye presha ayaache.

Tazama pia unavyokula. Niliwahi kukaa na kijana wa bodaboda aliyelalamika gesi miezi mitatu. Alikuwa anamaliza sahani ya ugali ndani ya dakika nne, soda mkononi, jicho kwenye pikipiki. Nusu ya gesi yake ilikuwa hewa aliyoimeza.

Njaa, usiku, na chembe ya moyo

Narudi kwa mama wa Kibosho, kwa kuwa hapa ndipo makosa ni mengi zaidi.

Kidonda kina wazazi wawili wakubwa. Wa kwanza ni bakteria anayeitwa Helicobacter pylori. Kabla ya miaka ya 1980 madaktari waliamini vidonda vinaletwa na mawazo na pilipili. Huko Australia, Barry Marshall na Robin Warren wakamwona bakteria huyu kwenye nyama za tumbo walizokata kutoka kwa wagonjwa, na mwaka 1984 Marshall akamnywa mwenyewe ili athibitishe, akaugua tumbo. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Mzazi wa pili ni dawa za maumivu: diklofenaki, ibuprofeni, aspirini. Dawa hizi zinapunguza ute unaokinga ukuta wa tumbo dhidi ya tindikali. Wachuma kahawa, mafundi ujenzi na wapagazi wa mlimani wanazimeza kama karanga, mara nyingi tumbo likiwa tupu.

Pilipili haichimbi kidonda, ingawa inaweza kukiwasha kilichopo. Mawazo nayo yanazidisha maumivu, ila ukiambiwa "acha mawazo utapona" bila kupimwa bakteria wala kuulizwa dawa unazomeza, bado hujatibiwa.

Kipimo kina mitego. Kile cha damu kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza dhidi ya bakteria, na kingamwili hubaki kwenye damu miezi au hata miaka baada ya bakteria kufa. Ndiyo maana utakuta mtu ametibiwa mara nne kwa "kukutwa nao tena." Omba kipimo cha choo, na usikifanye ukiwa unatumia omeprazole, kwa kuwa inawaficha bakteria: iache wiki mbili kabla, na antibayotiki wiki nne kabla. Kama uliwahi kutapika damu au kuharisha choo cheusi, usiache omeprazole bila kumuuliza daktari. Matibabu yenyewe ni dawa kadhaa kwa pamoja, kwa kawaida kwa siku 14, na zinachosha: mdomo unakuwa na ladha ya chuma, tumbo linasokota. Wengi huacha siku ya tano wakiona nafuu. Bakteria waliobaki wanakuwa wamejifunza kustahimili dawa, na safari ya pili inakuwa ngumu kuliko ya kwanza. Ukimaliza, subiri angalau wiki nne ndipo upime kama wameisha.

Mama yule tulimwachisha diklofenaki, mgongo tukautafutia parasetamoli na mazoezi. Kipimo cha choo kilionyesha bakteria, akameza dozi yote.

Kiungulia, na kikombe cha moto sana

Moto unaopanda kifuani ukilala au ukiinama kufua ni tindikali inayorudi kwenye umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kula chakula cha jioni mapema, yapite angalau masaa matatu kabla ya kulala. Inua kichwa cha kitanda kwa tofali chini ya miguu yake, kwani kurundika mito kunakunja tumbo na kuzidisha. Lalia ubavu wa kushoto. Punguza sigara, pombe na mafuta. Kwa watu wengi hayo yanatosha.

Jambo linalonikosesha usingizi ni jingine. Hapa Kilimanjaro tunakunywa chai ya maziwa ikiwa inafuka, na mgeni akiletewa ya uvuguvugu anaona amedharauliwa. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO lilitangaza kwamba vinywaji vya moto uliozidi nyuzi 65 vinaelekea kusababisha saratani ya umio, na ukanda wetu wa Afrika Mashariki ni miongoni mwa maeneo ambayo saratani hiyo inaonekana zaidi duniani. Mimina chai, zungumza kwanza, kisha unywe. Na mzee nyumbani akianza kuacha ugali akisema anapenda tu mtori na uji siku hizi, muulize vizuri. Babu mmoja alikaa miezi mitano hivyo, familia ikidhani ni uzee na meno. Chakula kigumu kilikuwa kinamkwama. Kukwama kwa chakula hakuna cha kusubiri: ni kipimo cha kamera, na hospitali ya KCMC hapa Moshi wanacho.

Kuharisha kunakoondoka na kurudi

Januari ndiyo msimu wake. Watu wamepanda toka Dar es Salaam na Nairobi kuja kula Krismasi, wamekula ndafu na kisusio, wamekunywa mbege kwenye kata iliyopita midomo ishirini, watoto wamekunywa maji ya mfongo, mfereji wa kumwagilia, wakicheza kwenye vihamba, mashamba ya migomba ya nyumbani. Wiki ya pili ya Januari foleni inajaa.

Kuharisha kwa siku chache, maji maji, bila damu wala homa kali, kunahitaji chumvichumvi ya ORS, pakiti moja kwenye lita moja ya maji safi, na chakula kiendelee. Mtoto aongezewe zinki kwa siku 10 hadi 14. Antibayotiki hazihitajiki kwa wengi wao.

Choo chenye ute na damu, tumbo likikusukuma kwenda kila mara na hutoi kitu, ni dalili za amiba au bakteria wa kuhara damu. Pima. Choo cha rangi hafifu, chenye mafuta yanayoelea, ushuzi na mbweu zenye harufu ya yai bovu, uzito ukishuka taratibu kwa wiki kadhaa, nafikiria giadia, kimelea cha maji machafu. Anajificha: sampuli moja ya choo inaweza kumkosa, kwa hiyo tatu za siku tofauti ni bora zaidi. Dawa ya amiba na giadia mara nyingi ni metronidazole, na ukiitumia usiguse pombe. Mbege ni pombe, hata kama umenyweshwa na mama mkwe.

Halafu kuna "typhoid." Naomba unisikilize hapa. Kipimo cha haraka cha Widal kinatafuta kingamwili, nazo zinaweza kuwepo kwa sababu uliugua zamani au uliugua kitu kingine. Homa ya matumbo ya kweli inaanza na homa inayopanda siku baada ya siku, kichwa, udhaifu wa mwili mzima, na kipimo kinachoaminika ni kuotesha damu maabara. Mtu mwenye gesi tu na kujamba, asiye na homa, kisha anatoka na karatasi ya typhoid na dozi ya siprofloksasini, kwa sehemu kubwa amepewa dawa ya ugonjwa asio nao. Dawa hiyo inaua pia bakteria wanaokusaidia, inaweza kukuletea kuharisha upya, na utumbo unachukua wiki hadi miezi kurudi ulivyokuwa. Nimeona watu waliokunywa dozi tano kwa mwaka mmoja. Kila dozi ilileta kuharisha, na kila kuharisha kukaleta dozi.

Kuhusu kitimoto, yaani nyama ya nguruwe: iive hadi isibaki wekundu ndani. Ukikuta nyama ina vijipele vyeupe kama punje za mchele, usiinunue, ni mabuu ya tegu. Ukiona vipande bapa vyeupe kwenye choo chako, nenda hospitali badala ya kununua dawa dukani, na nawa mikono kwa sabuni kila utokapo chooni, kwa sababu mayai ya tegu wa nguruwe yakiingia mdomoni mwa mtu yanaweza kufika kwenye ubongo yakaleta kifafa.

Maji yachemke kabisa kwa dakika 1, au dakika 3 kama unaishi juu ya mita 2,000.

Choo kigumu

Mara tatu kwa siku hadi mara tatu kwa wiki, zote ni kawaida. Tatizo ni ugumu na kujikamua. Sembe nyeupe, wali, chapati, mtori mtupu na maji kidogo ndiyo chanzo cha kwanza. Cha pili ni dawa: vidonge vya kuongeza damu, tramadoli, baadhi ya dawa za presha. Cha tatu ni kubana, ambako wanafunzi wa bweni na akina mama wa sokoni wanakufahamu vizuri kwa kuwa vyoo ni vichafu au vinalipiwa.

Papai asubuhi, ukwaju, mboga, maji. Ukitumia choo cha kukaa, weka kigoda chini ya miguu magoti yapande juu ya kiuno. Sanamaki inafanya kazi kweli, na hata hospitali dawa zitokanazo nayo zinatumika, lakini kwa siku chache. Anayeinywa kila wiki "kusafisha utumbo" anapoteza maji na potasiamu bure, kwa kuwa utumbo hauna uchafu uliogandia ukutani kama unavyotangaziwa stendi.

Uchovu, kizunguzungu, kuchoka kupanda kilima cha nyumbani

Tumbo linaweza kuvuja damu kidogo kidogo usiione. Kidonda, au minyoo ya safura walioingilia miguuni ukitembea peku kihambani kwenye udongo wenye unyevu. Pima wingi wa damu kabla ya kununua dawa za kuongeza nguvu. Dozi moja ya albendazole, miligramu 400, mara nyingi inatosha kwa minyoo ya kawaida, na viatu vinazuia safura wasirudi.

"Vipimo vyote safi, lakini linauma"

Wagonjwa hawa nawaonea huruma zaidi, kwa kuwa wanaambiwa hawaumwi kitu. Maumivu yanayohusiana na kwenda chooni, yanayorudi angalau siku moja kwa wiki kwa miezi mitatu, choo kikibadilika mara kigumu mara laini, bila dalili za hatari nilizotaja juu, ni ugonjwa halisi: mishipa ya fahamu ya utumbo imekuwa myepesi kuchokozeka. Utumbo na ubongo vinaongea kutwa nzima. Mwanafunzi anayeharisha kila asubuhi ya mtihani haigizi. Usingizi, kutembea nusu saa, kula kwa saa zilezile na kumpata mtu wa kuzungumza naye vinasaidia hapa kuliko dozi nyingine ya amiba.

Kuujenga utumbo upya

Baada ya chanzo kupatikana, lisha bakteria wazuri. Mwaka 2014 watafiti walilinganisha Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ng'ambo ya Karatu, na watu wa Bologna, Italia. Wahadzabe walikuwa na aina nyingi zaidi za bakteria utumboni. Wanakula mizizi, ubuyu, matunda ya porini, vitu vyenye nyuzinyuzi nyingi ambazo bakteria huzigeuza kuwa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo mpana.

Huhitaji kuhamia Eyasi. Pita Kiboriloni siku ya soko: mnafu, kunde, ndizi mshare, parachichi, ubuyu, na unga wa dona uliokauka vizuri usio na harufu ya ukungu. Lengo ni kama gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, ila usizifikie kwa siku moja. Wiki ya kwanza badilisha sembe kwa dona mlo mmoja tu. Wiki ya pili ongeza kikombe cha maharage yaliyolowekwa na maziwa mgando kama yanakukubali. Gesi itaongezeka siku za mwanzo, kisha wengi hutulia bakteria wakishazoea. Maji yaongezeke pamoja na chakula hicho, la sivyo choo kitakuwa kigumu zaidi.

Mama wa Kibosho alirudi mwezi wa pili na daftari la mjukuu wake, kurasa za hesabu nyuma, tumbo lake mbele. Saa nane usiku ilikuwa imefutika kwenye orodha. Iliyobaki ilikuwa saa mbili asubuhi, baada ya chai ya maziwa, na hapo ndipo tulipoanzia siku hiyo.